Kibuyu cha Kwanza

"Ijulikane kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye viatu na wenye funza, ya kwamba kuanzia leo Bweni la Chini ni nchi inayojitawala! Haina bwana, haina kiboko, wala haina kengele! Na Katikiro wake wa kwanza, aliyechaguliwa na watu wenye akili timamu, ni mimi, Kahigi mwana wa Rwegoshora wa Kimuli, ambaye..."

Kengele ya chakula ikalia.

Nchi inayojitawala ikatimua mbio kwa pamoja, raia wakikanyagana mlangoni, na Katikiro akabaki juu ya kinu alichokigeuza kuwa jukwaa, akimhutubia mbuzi. Alipofika jikoni alikuta maharage yamekwisha. Akala ndizi kavu kwa heshima yote ya cheo chake, maana kwa Mkama, yaani mfalme, Katikiro ni waziri mkuu, na waziri mkuu halii mbele ya mpishi.

Hayo yalitokea katika shule moja ya misheni iliyokuwa juu ya kilima upande wa Ihanda, miaka ile ya hamsini mwanzoni. Shule hiyo iliongozwa na Mwalimu Rwezaura, na Mwalimu Rwezaura aliongozwa na kengele. Kulikuwa na kengele ya kuamka, ya kuoga, ya kusali, ya kulima, ya kula, na ya kunyamaza. Wavulana walisema hata kuku wake hawatagi mpaka igongwe. Aliyechelewa alikutana na kiboko kilichoning'inia nyuma ya mlango wa ofisi, na kiboko hicho hakikuwahi kuota vumbi.

"Mtoto ni kama mgomba," alipenda kusema. "Usipoukatia machipukizi, utapata majani mengi na mkungu wa kuchekwa."

Mwaka huo akaja Mwalimu Egbert kutoka Bukoba, kijana, ametoka chuoni na baiskeli yake na mawazo yake. Siku ya kwanza alipousikia msemo huo alijibu kwa adabu, lakini mbele ya wanafunzi, "Ni kweli, Mwalimu Mkuu. Ila sijawahi kuona mgomba uliochapwa ukazaa."

Wavulana waliinamisha vichwa wasionekane wakicheka. Kahigi hakuinamisha. Alichapwa kwa ajili hiyo, na tangu siku hiyo akampenda Mwalimu Egbert kama alivyopenda likizo.

Mwalimu Egbert aliomba apewe Bweni la Chini kwa muhula mmoja, wavulana wajitawale wenyewe, ili shule nzima ione. Mwalimu Rwezaura alimpima kwa macho, akasema, "Chukua. Yakiharibika, watoto watarudi kwenye kiboko, na wewe utarudi ulikotoka."

Basi Mwalimu Egbert akawakusanya wavulana nyuma ya zizi la ndama, penye shamba la migomba lililotelekezwa, magugu yakifika kiunoni.

"Shamba hili ni lenu," aliwaambia. "Mtapanda mnachotaka na mtavuna mnachotaka. Mimi sitatia mguu humu bila kuitwa. Mkikoseana, hukumianeni wenyewe. Na lolote litakalotokea, nitasimama nanyi mbele ya yeyote yule. Mmenisikia? Yeyote yule."

Alisema hayo akimtazama Kahigi usoni, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa ni nani aliyetia vyura ndani ya sanduku la chaki. Mtu mzima kumtazama Kahigi vile bila kushika fimbo lilikuwa jambo jipya. Kahigi alihisi kitu kifuani, akadhani ni njaa.

Na nchi ile ilitawalika, msidhani vinginevyo. Kahigi, ambaye zamani alikuwa akiamshwa kwa maji ya kopo, sasa aliamka kabla ya kengele akawaburura wenzake kwenda kupalilia. Walifyeka, wakaweka matandazo, wakakata majani makavu. Mvulana mmoja alipoiba viazi vya wenzake, baraza lilimhukumu kuwachomea viazi bweni zima na kula wa mwisho. Alilia kuliko aliyechapwa. Mwalimu Rwezaura alikuwa akipita njiani na kulitazama shamba kwa pembe ya jicho, akiguna.

Rafiki wa Kahigi katika hayo yote alikuwa Kamugisha, mwana wa Kaijage wa Nyabiyonza. Hawakufanana hata kwa kivuli. Kamugisha alikuwa mpole, wa kwanza darasani, na mwaka huo alikuwa akingojea mtihani wa kwenda shule kubwa ya Bukoba. Wazazi wake walikuwa Walokole. Baba yake alipookoka alimwaga pombe yake yote njiani mchana kweupe, majirani wakisimama kando kama watu walio msibani, na tangu siku hiyo neno pombe halikutajwa nyumbani kwao ila katika kutubu. Siku Kamugisha anaondoka kwenda shule, baba yake alimwomba jambo moja tu: asionje.

Katika shamba lile kulikuwa na migomba ya embile, ndizi za pombe, ambazo mtu mwenye ulimi hazipiki. Siku moja mikungu ikakomaa.

"Hizi Mungu aliziumba za nini?" Kahigi aliuliza, mikono nyuma, kama mchungaji.

"Za kutujaribu," akajibu Kamugisha.

"Basi tusimvunje moyo Muumba."

"Kahigi, hapana."

"Tuliambiwa tuvune tunachotaka. Hatukuambiwa ila embile. Wewe ndiye mwenye akili darasani, nionyeshe palipoandikwa ila embile."

Kamugisha hakuweza kupaonyesha. "Mimi sikanyagi," alisema mwishowe. "Nitaangalia njia tu."

Kahigi alizaliwa na mtengenezaji wa pombe aliyesifiwa Kimuli nzima, na kazi hiyo aliijua kuliko hesabu. Alichimba shimo, akalitandika majani ya mgomba, akafukia ndizi zivundikwe kwa joto. Chombo hakikumsumbua. Ndama wa Mwalimu Rwezaura walinyweshwa kwenye mtumbwi wa zamani wa pombe, gogo zuri lililochongwa, ambalo mwenye nalo wa zamani alipookoka aliwapa misheni.

"Mtumbwi huu umeokoka," Kamugisha alionya.

"Utarudi nyuma kidogo," akasema Kahigi. "Hata wazee wa kanisa hurudi."

Walikanyaga Ijumaa mchana, Mwalimu Rwezaura alipokuwa amekwenda usharikani. Kahigi na wenzake wanne waliingia mtumbwini miguu mitupu, wakazikanyaga ndizi pamoja na nyasi hadi maji yakatoka. Muda wote waliimba nyimbo za kanisani kwa sauti nne, ili wapita njia wajue kwaya inafanya mazoezi. Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama barabarani akaitikia pambio, akaenda zake amebarikiwa. Wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wakafunika, na Jumamosi alasiri rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa tayari, tamu, yenye povu.

Vikombe vikanyoshwa. Kahigi akavizuia.

"Mmelelewa wapi ninyi? Kibuyu cha kwanza kimekwenda?"

Hapo hata walafi walirudisha vikombe. Pombe ikiiva, kibuyu cha kwanza huenda kwa mwenye ardhi. Anayekunywa kabla yake ameiba. Na mwenye ardhi akishakunywa, jambo limekuwa lake pia: hana tena mdomo wa kuishtaki pombe iliyo tumboni mwake. Kahigi aliona jambo hilo tangu utotoni, vibuyu vikipelekwa kwa mtawala wa eneo na baba yake akilala usingizi mzuri. Mwenye ardhi yao wao alikuwa nani, kama si Mwalimu Egbert?

"Utapeleka wewe," alimwambia Kamugisha.

"Mimi? Mimi niliangalia njia tu."

"Umewahi kuona Katikiro akibeba kibuyu?"

"Mbebaji lazima aonje mbele yake," Kamugisha alisema taratibu. "Si ndivyo?"

"Usipoonja umemwambia kuna sumu. Utamtukana mwalimu wetu."

"Nilimwahidi baba."

"Baba yako yuko Nyabiyonza. Kulowesha midomo tu! Kisha utatubu, si ndiyo kazi yenu?"

Wenzao wakacheka. Kamugisha naye akacheka, kicheko cha mtu anayesukumwa mtoni na marafiki. Akachukua kibuyu. "Ukiniponza, Kahigi..."

"Nikuponze vipi? Akishakunywa, yeye ni wetu na sisi ni wake. Nenda, kabla povu halijashuka."

Kahigi alimfuata kwa mbali, akajibanza nyuma ya mibuni karibu na nyumba ya mwalimu. Mwalimu Egbert alikuwa barazani, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, akiziba pancha. Kamugisha akapiga magoti na kuinua kibuyu kwa mikono miwili. Akaonja. Uso ukamkunjamana kama aliyemeza mwarobaini. Mwalimu alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatabasamu tabasamu la mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa lugha ya nyumbani. Akakipokea. Akanywa, akapumua, akanywa tena, mpaka akakigeuza kibuyu chini juu.

"Waambie wamenikumbusha kwetu," alisema, akifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Lakini taratibu, eh? Taratibu."

Nyuma ya mibuni, Kahigi nusura apige kigelegele. Nchi ilikuwa imetambuliwa.

Walikunywa taratibu, kama walivyoagizwa. Waliimba kidogo, wakalala mapema, na Jumapili walikwenda kanisani wakakaa wima kama mishumaa. Kosa lilikuwa moja: waliurudisha mtumbwi mahali pake bila kuusuuza, machicha yamejaa chini, na Jumapili jioni mchunga ndama akamimina maji juu yake bila kutazama.

Jumatatu asubuhi shule nzima ilikuwa mstarini. Mwalimu Rwezaura alikuwa akihutubu juu ya kuwahi. Ndama mweupe akatokea kutoka upande wa zizi, akitembea kwa kushauriana na kila mguu. Akaja mpaka katikati ya mstari, akamtazama Mwalimu Mkuu kwa upendo mkubwa, akaketi. Ndama haketi. Huyu aliketi. Nyuma yake mwingine alikuwa ameegemea mlingoti wa bendera kama anayetaka kuukopa shilingi.

Shule ilicheka kama haijawahi kucheka. Mwalimu Rwezaura alishuka, akainama, akamnusa ndama mdomo. Alipoinuka, hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Sijapata kusikia ndama aliyekwenda kilabuni," alisema. "Nani?"

Ndama tu ndiye aliyejibu, kwa kwikwi.

"Mnajua sheria. Atakayeshikwa na pombe ataondoka shule hii, na hatarudi. Nani?"

Kahigi hakuogopa sana. Moyoni alikuwa akingojea neno. Alikuwa akimtazama Mwalimu Egbert, aliyesimama kando na suruali yake iliyopigwa pasi, naye alijua atakalosema. Atasema: Mwalimu Mkuu, hawa ni wangu, niachie mimi. Labda ataongeza: hata mimi nilionja. Kahigi alikuwa ameshaanza kumsamehe kwa aibu ndogo itakayompata.

"Mwalimu Egbert," akasema Mwalimu Rwezaura, "hawa si ndio raia wako? Unajua lolote?"

Mwalimu Egbert alitazama viatu vyake. Alivitazama sana, kama mtu anayetafuta pancha.

"Nilimwona Kamugisha Jumamosi," alisema. "Alikuwa na kibuyu. Na alinukia pombe."

Basi. Hakuongeza neno. Kahigi alingoja sentensi ya pili, akangoja mpaka masikio yakamvuma, lakini haikuja. Mtu aliyegeuza kibuyu chini juu alikuwa amesimama pale, midomo mikavu, akimnukisha mwingine.

Kamugisha akaitwa mbele.

"Nani alitengeneza?"

Kamugisha alimtupia Kahigi jicho mara moja, akaliondoa upesi, kama mtu anayeficha kitu. "Sijui, mwalimu."

"Kibuyu ulikuwa unampelekea nani?"

Mwalimu Egbert hakuinua uso. Kamugisha alinyamaza. Alinyamaza alipoulizwa mara ya pili, na alinyamaza alipoambiwa kwamba kunyamaza kwake ndiko kunakomfukuza. Yeye, ambaye kwao desturi ya kibuyu ilimwagwa njiani, ndiye peke yake aliyeishika.

Mjumbe akatumwa Nyabiyonza kumwita mzazi. Serikali ya Bweni la Chini ikavunjwa, kengele zikarudi, na raia wote wakachapwa, Katikiro akiwa miongoni mwao. Kahigi hakusikia fimbo. Alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka kwenye kope. Siku ile na iliyofuata hakuwa na hadithi nyingine. Aliwaigizia wenzake jinsi mwalimu alivyotazama kulia na kushoto, jinsi alivyokunywa, jinsi alivyotazama viatu. Aliigiza vizuri, na kila alipoigiza hasira ilipata nafasi mpya ya kukaa.

"Atasimama nasi mbele ya yeyote yule!" alisema kwa sauti ya Kibukoba. "Huyo ndiye aliyetufundisha uhuru! Heri Rwezaura. Rwezaura anakuchapa, lakini anakuchapa yeye mwenyewe."

Kamugisha alikuwa amekaa kitandani akifunga vitu vyake sandukuni. Hakusema kitu, na Kahigi alidhani ni huzuni juu ya mwalimu.

Siku ya tatu mchana akaja mama yake Kamugisha, Evangelina, miguu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Baba hakuja, alikuwa amelala kifudifudi chumbani akiomba, hakutaka kuinuka. Mama aliingia ofisini, akatoka muda mfupi baadaye, na Kamugisha akajitwika sanduku. Kahigi akawakimbilia langoni, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Kahigi? Likizo nzima kwetu ni Kahigi, Kahigi."

"Mimi, mama. Nipe huo mzigo. Mama, nataka ujue jambo moja: mwanao hana kosa. Amesalitiwa."

"Na nani?"

Kahigi alikuwa amejiandaa. Akamweleza yote: ahadi nyuma ya zizi la ndama, kibuyu, baraza ya mwalimu. Alisema kwa ufasaha kuliko alivyowahi kusema juu ya kinu. "Alitazama kulia, mama, akatazama kushoto. Akanywa, akapumua, akanywa tena. Akafuta midomo hivi, kwa mgongo wa mkono! Halafu anasimama mbele ya shule nzima anasema, alinukia. Mtu wa namna hiyo ni mwalimu huyo?"

Evangelina alisikiliza mpaka mwisho, bila kutikisa kichwa.

"Ni jambo baya," alisema. "Atamjibu Mungu. Wewe uliyaona hayo kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mama!"

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mibuni."

"Nyuma ya mibuni," mama akarudia. "Mwenzio amepiga magoti na kibuyu barazani kwa mwalimu, wewe uko nyuma ya mibuni. Ulikuwa unafanya nini huko, mwanangu?"

Kahigi alifungua mdomo. Ulikuwa mdomo uliozoea kufunguliwa na kitu kikatoka. Mara hii kilitoka "mimi" tu, kikaishia hapo.

"Kwetu hakuna anayejua kuvundika embile," Evangelina aliendelea, kwa upole uleule. "Kamugisha alikuwa bado mgongoni nilipoacha kukaanga mtama wa pombe. Nani alimfundisha?"

"Mama, tuondoke," akasema Kamugisha chini ya sanduku. "Usimsumbue. Ameshasema anachoweza kusema."

Kama Kamugisha angemtukana, Kahigi angejua la kujibu. Matusi alikuwa nayo ya akiba. Lakini alisema maneno yale kama mtu anayemsamehe mtoto mdogo aliyeshindwa kubeba ndoo. Na Kahigi akaelewa kwamba ule ukimya wa kitandani haukuwa juu ya mwalimu. Kamugisha alikuwa amengoja sentensi ya pili pia. Hakuwa ameingoja kwa Mwalimu Egbert.

Kahigi aligeuka. Ofisi ilikuwa mbali kidogo kwa mtu anayetembea bila kutaka, lakini nyuma yake alisikia nyayo za mama zikimfuata, na sanduku likigonga kila hatua.

Mwalimu Rwezaura alikuwa mezani. Mwalimu Egbert alikuwa dirishani, akisahihisha madaftari. Alipomwona Kahigi, kalamu ilisimama. Alijua Kahigi amekuja na nini. Kahigi naye alijua. Neno lile lilikuwa tayari ulimini, tamu, lenye povu, na lilikuwa la kweli.

Akalimeza kwanza, ili lingine lipite.

"Ni mimi, mwalimu. Nilivundika mimi, nikakanyaga mimi. Mtumbwi niliutoa mimi. Kamugisha hakukanyaga. Alikataa, akasema ataangalia njia tu. Kibuyu nilimpa mimi, na nikamlazimisha aonje."

Mwalimu Rwezaura hakukitazama kiboko. Alimtazama Kamugisha mlangoni, akamtazama mama yake.

"Tua sanduku," alimwambia Kamugisha.

Kisha akamrudia Kahigi. "Pombe ni yako. Safari ya kurudi nyumbani ni yako. Kwa nini ulimtuma huyu?"

"Katikiro habebi..." Kahigi akaanza, akaona macho ya mama, akaacha. Akajaribu tena, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu aliyewahi kuhutubia nchi.

"Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba mwalimu hawezi kutugeuka. Nilisema hivyo kila siku. Lakini sikuwa na hakika naye, mwalimu. Nikafikiri, akigeuka, na awe ameuona uso wa mwingine, si wangu. Ndiyo maana nilimtuma Kamugisha."